Corolla 110 ya 1998 na ELM327: laptop haina kosa

Umeuliza kwa nini laptop haisomi Corolla yako kupitia ELM327, kile kifaa kidogo cha kuunganisha kompyuta ya gari na laptop au simu. Umesema soketi ya pini 16 ipo chini ya dashibodi, kifaa kinawaka, lakini programu inasema haiwezi kuunganisha. Usinunue kingine kwanza. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile mara nyingi lina umbo tu la soketi ya OBD2 (mfumo sanifu wa kusoma hitilafu za gari). Kompyuta yake inazungumza itifaki (lugha ya mawasiliano) ya Toyota yenyewe, kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na si ile ambayo ELM327 inaitafuta. OBD2 ilikuwa lazima Marekani tangu 1996, Japani haikuwabana watengenezaji.

Unaweza kujaribu Torque, programu ya simu za Android, kwenye sehemu ya kuandika amri za kuanzia: ATIB96, ATIIA13, ATSH8113F1, ATSPA4, ATSW00. Zile ELM feki za bei ya kutupa nyingi hazielewi baadhi ya amri hizo.

Ikigoma, achana na laptop na simu. Zima swichi, unganisha pini 4 na 13 kwa kipande cha waya, halafu weka swichi ON bila kuwasha injini. Hesabu taa ya cheki injini: miwako miwili, kituo, miwili tena ni kodi (namba ya hitilafu) 22, sensa ya joto la maji. Ikiwaka na kuzima mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kodi. Ila angalia namba za pini vizuri, pini 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.