Barua kwa mwanangu: mahali palipoamuliwa

Buruburu, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umesema walikaa saa nne nzima wakizungumzia mapinduzi ya nchi ya watu, nawe ukaandika kurasa kumi na moja, na uliporudi nyumbani kuzinakili hukuona popote walipoamua. Unaniuliza, "Mama, ni mimi nimepitwa, au hawakuamua?"

Sikuulizi ni nchi gani wala nani alikuwepo. Ya kazini yabaki kazini. Lakini swali lako nalijua, maana niliishi nalo miaka ishirini na minane nikiandika kumbukumbu za vikao vya wakubwa. Hukupitwa. Mara nyingi jambo huwa limeshaamuliwa kwenye karatasi kabla watu hawajavuta viti, na saa nne zile ni za kulizunguka tu.

Nikupe kisa cha mbali, tukizungumze bila kumgusa mtu. Mwaka 1963 Marekani ilikuwa ikimsaidia Rais Ngo Dinh Diem wa Vietnam Kusini kupigana na wakomunisti. Mwaka huohuo Diem alikosana vibaya na Wabudha wa nchi yake. Mwezi Juni mtawa Thich Quang Duc alijichoma moto katika njia panda ya Saigon, watu wakitazama. Mwezi Agosti askari wa Ngo Dinh Nhu, nduguye Diem, walivamia mahekalu usiku. Majenerali wakaanza kuwapima Wamarekani: tukimpindua, mtasemaje?

Sasa itazame siku yenyewe. Tarehe 24 Agosti, Jumamosi. Rais Kennedy yuko mapumzikoni Hyannis Port. Waziri wa Mambo ya Nje, Dean Rusk, yuko New York. Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, yuko likizo, na mkuu wa CIA, John McCone, vilevile. Maofisa waliobaki Washington, akina Roger Hilsman, Averell Harriman na Michael Forrestal, wakaandika telegramu kwa Henry Cabot Lodge, balozi aliyekuwa ameingia Saigon siku mbili tu zilizopita. Ilisema Diem apewe nafasi ya kumwondoa Nhu. Akikataa, basi huenda Diem mwenyewe naye asiweze kubaki, na majenerali waelezwe kwamba wataungwa mkono. Rais alielezwa kwa simu, akakubali, mradi wakubwa wengine wakubali. Wakubwa wengine walipotafutwa walikokuwa, waliambiwa Rais ameshakubali. Usiku ule telegramu ikaenda.

Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilifunga ukurasa nikaenda kusimama dirishani, kwa sababu niliwahi kuibeba telegramu kama hiyo kwa mikono yangu.

Hili sijawahi kukuambia. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, Ijumaa moja saa kumi jioni, nilipewa waraka niuzungushe utiwe saini. Ulikuwa wa kuwaondoa wachuuzi kando ya barabara fulani. Wa kwanza alitia saini akiwa amesimama, koti mkononi, akiuliza kama mkubwa ameuona. Wa pili aliitazama ile saini ya kwanza, maneno hakuyasoma. Wa tatu aliniuliza, "Wengine wote wametia?" Nikasema ndiyo. Jumatatu alfajiri vibanda vilivunjwa. Mama aliyekuwa akiniuzia ndizi alikuja hadi mapokezi na mizani yake, sahani moja imepondeka, akataka kujua ni nani aliyesema. Nilifungua faili nimtafutie. Kikao hakikuwahi kukaa. Palikuwa na saini tatu, na ile "ndiyo" yangu ambayo haikuandikwa popote.

Turudi Washington. Jumatatu wakubwa waliporejea walikasirika, akiwemo Rais. Wakakaa siku baada ya siku wakivutana. Frederick Nolting, balozi aliyemtangulia Lodge, alikuwa akimjua Diem kwa karibu na hakuafiki kabisa. Ila telegramu hawakuifuta. Lodge alikuwa ameipokea na kuishika, na majenerali walikuwa wameshasikia harufu yake. Mwezi Septemba wakatumwa watu wawili kuangalia hali: Jenerali Victor Krulak na Joseph Mendenhall wa Wizara ya Mambo ya Nje. Krulak aliongea zaidi na askari, akarudi akasema vita vinaenda vizuri. Mendenhall aliongea zaidi na watu wa mijini, akarudi akasema utawala unaporomoka. Kennedy akawauliza kama kweli walikwenda nchi moja. Watu hucheka wakisikia hivyo. Mimi huwaza yule aliyekuwa akiandika, aliandika nini hapo. Wote wawili walikuwa wameona kweli, kila mmoja kwa upande wake wa nchi.

Tarehe 29 Oktoba wakubwa wa Washington wakawa wanahesabu askari wa Saigon na viunga vyake: kama 9,800 wa Diem, 9,800 dhidi yake, na 18,000 wasio upande wowote. Robert Kennedy, mdogo wake Rais, alisema wazi kwamba haoni mantiki ya kutia mustakabali wote mikononi mwa mtu wasiyemjua vizuri. Alisikilizwa. Mazungumzo yakaendelea, Lodge akaletewa maagizo ya kupunguza mwendo, naye akajibu kwamba jambo lile ni la Wavietnam na hana uwezo wa kulizuia. Sisemi yote yalitoka Washington, mwanangu. Majenerali walikuwa na sababu zao, na Diem makosa yake. Lakini mlango mtu anaweza kuufungua kwa dakika moja, akatumia wiki kumi kujadili kama ulistahili kufunguliwa.

Tarehe 1 Novemba mapinduzi yalianza. Saa kumi na nusu jioni Diem alimpigia Lodge simu kutoka ikulu, akitaka kujua msimamo wa Marekani ni upi. Lodge akamjibu kwamba Washington ni saa kumi na nusu alfajiri, na serikali ya Marekani haiwezi kuwa na msimamo saa hiyo. Halafu akamwambia ana wasiwasi juu ya usalama wake. Sentensi ile ya saa imenikaa moyoni kuliko mengine yote. Msimamo walikuwa nao, ulioandikwa na kutumwa tangu Agosti. Kesho yake Diem na Nhu waliuawa ndani ya gari la deraya. Kennedy alipoletewa habari kikaoni, Jenerali Maxwell Taylor aliandika baadaye, aliinuka akatoka mbio, uso umembadilika.

Tarehe 4 Novemba Kennedy alijirekodi sauti peke yake. Alitaja nani aliunga mkono na nani alipinga, akiwemo nduguye. Kisha akasema wao wanabeba sehemu kubwa ya lawama, kuanzia ile telegramu ya Agosti: iliandikwa vibaya, haikupaswa kutumwa Jumamosi, na yeye hakupaswa kuikubali kabla ya kuketi na McNamara na Taylor akawasikia. Katikati ya kurekodi, watoto wake wanaingia. Anamwacha Diem kidogo, anamuuliza mwanawe mdogo kwa nini majani huanguka na kwa nini theluji huja. Kisha anarudi kwa Diem. Siku kumi na nane baadaye naye aliuawa.

Nakusimulia hivi kwa sababu kumbukumbu za vikao vile alizikamilisha Rais mwenyewe, kwa mdomo, watu walipokuwa wamekwisha kufa. Hiyo ilikuwa kazi ya mwandishi siku ya kwanza.

Kwa hiyo zirudie kurasa zako kumi na moja. Tafuta karatasi waliyokuja nayo mkononi, ile waliyokuwa wakiitaja kama "msimamo wetu wa awali." Andika ni ya tarehe gani na nani aliitoa. Majina ya wasiokuwepo yaweke juu kabisa, pamoja na ya waliokuwepo, hata kama hakuna aliyekuagiza. Na mtu akikuuliza mlangoni kama wengine wote wamekubali, usimpe "ndiyo" kama niliyoitoa mimi. Mpe karatasi, asome.

Ukiona hujaelewa mahali, njoo Jumamosi mapema tuzisome mezani, zile unazoruhusiwa kutoka nazo. Zisizoruhusiwa ziache hukohuko.

Mama yako