Hukumu ya Strasbourg haikumlazimisha mume abaki kwenye ndoa

Hapana, kaka. Unasema Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, imemnyima mume haki ya kuachana na mke anayemnyima unyumba. Sivyo. Katika shauri la H.W. dhidi ya Ufaransa (Januari 2025), mke mwenyewe ndiye aliyedai talaka. Ndoa ilivunjwa, na hakuna aliyelalamikia hilo. Alichopinga ni sababu: mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Versailles ilimbebesha yeye peke yake kosa la kuvunja wajibu wa ndoa, kwa kuwa alikuwa amekataa tendo la ndoa kwa miaka.

Ajabu ni kwamba sheria ya madai ya Ufaransa haitaji tendo hilo popote. Inasema wanandoa wataishi maisha ya pamoja, mengine wamejazia majaji. Huku sheria yao ya jinai inamfunga mume anayemwingilia mkewe kwa nguvu! Strasbourg ikaona hapo faragha imevunjwa: kukubali kuolewa si kukubali kila usiku unaofuata. Mume asiyeridhika angeweza kuomba talaka kwa hoja kwamba ndoa imekufa, bila kumbebesha mtu kosa.

Kwetu hukumu hiyo haitufungi. Kenya, kifungu cha 43 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 bado kinawaweka wanandoa nje ya kosa la ubakaji, na Tanzania ubakaji wa mke unatambulika wakiwa wametengana tu.