Fundi anataka asilimia 70 kabla ya kuanza bafu

Asilimia 70 ya hela ya ufundi kabla hajagusa ukuta? Usitoe, ndugu. Akipata kazi nyingine utabaki na bafu lililobomolewa.

Vifaa nunua mwenyewe, yeye mpe ya ufundi kwa hatua: asilimia 20 ya kuanzia, 30 bomba zikishapimwa. Hapo usikubali kuharakishwa. Zibeni ncha za bomba, fungulia maji, acha usiku kucha kabla ya vigae, maana kiungo kikivujia ndani utavunja vigae vipya. Vigae vikishakauka vigonge kwa sarafu. Panapolia kama patupu hapana saruji chini, pabanduliwe. Ndipo utoe 40. Kumi ibaki mpaka bafu litumike wiki mbili.

Na ile "hela ya kula" ya kila siku iandike, ikatwe kwenye malipo.