Maktaba wanaleta msanii wa dragi awasomee watoto, nimpeleke wangu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Tunaishi Ohio, Marekani. Maktaba ya mtaani wamebandika tangazo, Jumamosi msanii wa dragi, yani mwanaume anayevaa gauni na wigi na mekapu za jukwaani, atawasomea watoto hadithi. Kwenye grupu letu la Wasapu watu wamechachamaa, wengine wanasema twendeni tukazuie mlango. Mume wangu anasema tukaushe. Nifanyeje?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hakuna anayekulazimisha, hii sio darasa la shule, anayetaka anampeleka mwanae na kukaa nae pale, asiyetaka habanwi na mtu. Haya mambo yalianza San Francisco mwaka 2015, mwandishi Michelle Tea ndo aliyaanzisha, na kinachofanyika ni kitabu cha picha na nyimbo za watoto, sio shoo ya klabu usiku, hapo ndo wengi wanachanganya.

Wasiwasi wako sio dhambi, we ni mzazi na una dini yako na malezi yako. Nenda kabla ya Jumamosi umuulize mkutubi kitasomwa kitabu gani, ukikipata kaa nacho ukisome mwenyewe mpaka ukurasa wa mwisho, ndo uamue. Kama hukipendi, hadithi za siku nyingine zipo. Ukiwa na malalamiko, maktaba ya umma ina bodi na vikao vyake viko wazi, nenda kaseme pale.

Ila kwenda kuzuia mlango, hapana, tena hapana kabisa. Juni 2022 kule San Lorenzo, California, wanaume wa Proud Boys, kundi la siasa kali za mrengo wa kulia, waliingia maktaba hadithi ikiendelea wakaanza kumtukana msomaji, watoto wamekaa palepale. Na hapohapo Ohio kwenu, Machi 2023, kanisa moja la Chesterland lilirushiwa chupa za petroli kisa lilipanga kuwapokea wasanii hawa, aliyefanya akafungwa miaka 18. Hao kwenye grupu sidhani wanataka kufika huko, lakini ukishasimama mlangoni na watu wenye hasira huwezi kujua aliye pembeni yako kabeba nini, na mtoto wa watu anapita katikati yenu ameshika mkono wa mama yake anatetemeka. Hilo silikubali hata kidogo.

Kaa na baba watoto muelewane kabla ya Jumamosi, watoto wakiwa wamelala.