Benki imekunyima mkopo? Mlango mwingine upo

Ndugu, umeuliza wakopeshaji wa maendeleo ya jamii hapa Marekani wana tofauti gani na benki iliyokukatalia kwa kukosa dhamana. Tofauti ipo. Tangu 1994 kuna mfuko maalumu chini ya Wizara ya Fedha unaowaidhinisha wakopeshaji hao, na kuwapa baadhi yao ruzuku. Wao huchanganya pesa hizo na za benki na wahisani, kisha hukopesha watu wa mitaa inayokwepwa na benki. Afisa anaweza kukaa nawe akapekua daftari la mauzo ukurasa kwa ukurasa, hata akakufundisha kulitunza. Kwangu mimi, hapo ndipo penye faida. Ila si sadaka: riba huweza kuizidi ya benki, na usipolipa utadaiwa. Nenda na taarifa za akaunti yako.