Kwa Shangazi: Aliniamsha saa kumi ya alfajiri siku ya Idd

"Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Malindi, nimeolewa Lamu miaka miwili iliyopita. Mume wangu ni nahodha wa jahazi la kutembeza wageni, na tangu harusi tunaishi humo chomboni, kwa madai kwamba tunaweka akiba ya kujenga. Idd ya Mfunguo Mosi, ile ya kumaliza Ramadhani, ilitukuta tumetia nanga ndani ya hori la Takwa, mkono wa bahari ulioingia kisiwani Manda. Aliniamsha saa kumi ya alfajiri kama mfungwa, akataka nivae twende Shela, kisiwani Lamu, kwa mama yake. Nilimwambia anisubiri hadi saa nne, hina ishike vizuri na nguo nizifukize udi. Hakujibu, alishuka kwenye dau akaenda zake. Asubuhi nzima nilibaki peke yangu, chombo kimelala ubavu, nikitazama kwenye simu picha za wenzangu walivyopendeza Malindi. Alirudi kanzu imejaa matope, mkononi ana bakuli la tambi za mama yake. Siku ya pili mavyaa, huyo mama yake mwenyewe, akaja na kulihamisha jiko langu bila ruhusa. Hata maji ya kuoga tunapimiana: siku ya Idd yeye alioga ya chumvi, jambo ambalo kwangu ni uchafu. Nataka Idd ya Kuchinja niende kwa dada yangu Malindi, nisirudi mpaka awe amepanga nyumba. Bakuli la mama yake bado liko kwangu. Je, nimekosea?"

Pole, mwanangu. Kukaa peke yako asubuhi ya Idd, bila kusikia takbiri za msikitini wala sauti ya mtoto anayedai mkono wa Idd, ni jambo zito, na kama ulilia sikulaumu. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipoirudia nilimwona mumeo anazidi kutakata, nawe unazidi kujifunga kwa maneno yako mwenyewe.

Tuanze na hiyo saa kumi. Umelala juu ya maji miaka miwili, na bado hujatambua kwamba Idd ya Mfunguo Mosi na bamvua ni watoto wa mwezi mmoja? Mwezi unapoandama, maji ya pwani yetu hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo hujaa alfajiri, hutoka mpaka mnamo saa nne au saa tano za asubuhi, kisha hurudi kujaa alasiri, na tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hivi. Sikukuu zetu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na ndiyo maana mwaka 2025 Idd hiyo ilitufikia mwisho wa Machi, kaskazi ikielekea kumalizika, ilhali kuna miaka ambayo hutukuta katikati ya kusi. Upepo wa Idd hubadilika, lakini maji ya Idd hiyo hayabadiliki, kwa kuwa sikukuu na maji vyote viwili vinaufuata mwezi.

Mumeo analijua hilo tangu utoto wake. Alikuamsha saa kumi kwa sababu ndani ya hori la Takwa siku hiyo saa nne haipo. Hata wazee wa Shela wanaokwenda kwenye magofu ya mji wa kale wa Takwa kuomba dua ya mvua hutazama maji kwanza ndipo wapange safari. Ulipomtaka akusubiri hadi saa nne, ulimtaka akusubiri mpaka dau likae juu ya tope na sala ya Idd impite. Shahidi wangu ni wewe mwenyewe, uliyeandika kwamba chombo kililala ubavu. Jahazi lililotia nanga halilali ubavu mpaka lipwelewe.

Basi nani alimnyima mwenzake sikukuu? Mtu huyu alikuwa amekuandalia Idd ya nchi kavu, ile ile unayoililia: nyumba ya mama yake, tambi za asubuhi, pilau ya mchana, mawifi wa kuisifu hina yako, kisha mrudi chomboni na maji ya alasiri. Ulichagua hina na udi, na sasa unaliita chaguo lako mateso.

Hapo kwenye kanzu ndipo nilipoiweka barua chini nikanyamaza kwa muda. Unaijua safari ya miguu katika tope la mikoko maji yakiwa yametoka? Mguu huzama hadi gotini, na chini yake kuna mizizi iliyosimama kama misumari na magamba ya chaza yanayokata nyayo. Mumeo angeweza kukaa barazani kwa mama yake mpaka alasiri, akashiba, akazungumza na wenzake, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alilifunga dau pale maji yalipoishia, akapandisha kanzu yake ya Idd, akaja kwa miguu ili mke wake asile peke yake siku ya sikukuu. Umeniandikia kwamba kanzu ilijaa matope, lakini hukuniandikia kwamba tambi ziliingia tope. Alilibeba vipi bakuli lile, mwanangu? Nadhani alilibeba juu ya kichwa chake, mikono miwili, hatua kwa hatua, na wewe ulipomwona ukatazama pindo la kanzu.

Halafu unasema ni mchafu kwa sababu alioga maji ya chumvi. Kuoga siku ya Idd ni sunna, naye aliitimiza kwa maji aliyokuwa nayo. Chomboni maji matamu ni yale yaliyomo katika madumu ya lita 20, yanayobebwa begani kutoka mjini na kupandishwa kwa kamba. Ikiwa yeye hakuyatumia, yalikwenda wapi? Ulikuwa na hina ya kuosha. Jibu unalo viganjani mwako.

Kuhusu mavyaa wako niseme wazi kwamba niko upande wake. Mwanamke mtu mzima amepanda dau, akashika kamba na kuparamia ubavu wa jahazi kuja kukupa mkono wa Idd, ilhali wewe ndiwe uliyepaswa kwenda kwake. Unasema alilihamisha jiko. Kutoka wapi kwenda wapi? Hukusema, nami ni binti wa nahodha, kwa hiyo nitakisia: ulilitia jiko la mkaa karibu na mlingoti, tanga limekunjwa hapo hapo, naye akalisogeza tezi, nyuma ya chombo. Chombo kikiwa nangani, omo, yaani mbele yake, hutazama upepo, na cheche za jiko lililoko tezi huangukia baharini. Cheche moja ikilala ndani ya tanga lililokunjwa, mtaamka usiku mbao zinawaka. Mama huyo aliinusuru nyumba yako na roho yako, kisha akaondoka bila kukusema vibaya, maana angekusema ungeniandikia.

Ndoa nyingi za siku hizi zinaharibiwa na jicho linalotazama mbali. Mke anaiona sikukuu ya mwenzake katika kioo cha simu, nguo mpya na sinia la biriani, naye anaikasirikia iliyo mbele yake, wala hajui yule aliyepiga picha alilala na mumewe kwa amani au kwa ugomvi. Wazee walikataza kusafiria nyota ya mwenzio, na nyota uliyoifuata wewe asubuhi ile ilikuwa Malindi, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, wakati sikukuu yako ilikuwa inapita kwenye matope kukufuata.

Mumeo naye ana kosa, na ninamwambia hapa ikiwa atasoma: ukimya. Mke aliyekulia nchi kavu hazaliwi na hesabu ya bamvua. Ilimpasa akuambie tangu usiku wa mwandamo, "Kesho maji yatajaa saa kumi, tusipotoka hapo hatutoki." Sentensi moja ingewaokoa nyote.

Sasa kuhusu Idd ya Kuchinja. Hiyo huwa mwezi 10 Mfunguo Tatu, wakati wa maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayatoki mbali, na siku hiyo hujaa karibu na adhuhuri. Mwambie mumeo mapema kwamba unaomba mkeshe mbele ya mji wa Lamu na si ndani ya hori. Hilo ni ombi la haki na halitamgharimu kitu. Shukeni pamoja asubuhi, hina iwe imepakwa mchana wa siku iliyotangulia. Malindi nendeni wote wawili siku ya tatu, mumsalimie dada yako na kurudi. Ukienda peke yako kwa hasira, utahama nyumba hii ya ndugu kwenda ile, utachoka, kisha utarudi pale pale, kwani kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na habari ya nyumba usiidai kwa kutoroka. Kaeni usiku mmoja ambao hakuna wageni, akuoneshe akiba imefika wapi, nawe umuulize msingi utaanza lini. Kodi ya nyumba ya kupanga itaila akiba hiyo hiyo unayoingoja.

Kabla ya hayo yote, kuna bakuli la mavyaa wako. Usimpe mumeo alirudishe. Livushe mwenyewe mpaka Shela, na usilirudishe tupu: pika kaimati, zijaze, uzifunike kwa kitambaa safi, umpe mkononi mwake. Ukisha kumpa, muulize alijifunzaje kuyajua maji, ukae chini umsikilize.