Kabla hujanunua chombo Mtwara, tafuta mtu wa ufukweni

Minada ya korosho ikianza tu, Oktoba hivi, simu zangu huwa za aina moja. Mtumishi mwenzangu wa mjini, pengine kapata malipo ya shamba la kwao Tandahimba, ananiuliza: "Mwalimu, nataka kachombo kadogo ka baharini ka kutembelea na familia, si ka kuvua. Huko kwenu Mikindani bei gani?" Simjibu bei kwanza. Namuuliza: siku ambazo wewe uko kazini, chombo kitakuwa na nani?

Wengi huchukia swali hilo. Wanadhani nawaambia wamtafute mlinzi, nao walishaona kwamba chombo kitafungwa kwa mnyororo kwenye mti, basi. Lakini mnyororo unazuia wezi tu, na wezi si adui mkubwa wa chombo cha mbao. Adui mkubwa ni kukaa bure.

Watu wa bara hushangaa nikiwaambia kuwa maji ya chumvi hayaozeshi mbao haraka, yanaihifadhi. Kinachoozesha ni maji ya mvua. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zetu za Mtwara zikishuka, chombo kisicho na mtu kinajaa maji baridi, yasiyo na chumvi, ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, yanatulia kwenye miguu ya mataruma (mbavu za chombo) na kando ya mkuku (uti wa mgongo wake wa chini), na hapo ndipo mbao inapoanza kulainika. Mvua ikiisha linakuja jua. Mbao zinanywea, pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, inalegea, na siku unayokuja na watoto wako na birika la chai, ukikishusha chombo majini kinavuja kila upande. Chombo hichohicho, kingekuwa na mtu anayekifua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, kila asubuhi, anakilowesha na kukifunika kwa makuti, kingekaa miaka mingi.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu, na ndio ninaompa kila anayeuliza. Tafuta mvuvi anayeijua kazi lakini hana chombo chake. Wako wengi, hasa vijana waliofanya kazi kwenye vyombo vya watu tangu utotoni. Mwaka mzima, siku za kazi chombo ni chake: anavua kwa mshipi au kwa wavu wake, samaki ni wake. Jumamosi au Jumapili ni chako, na yeye ndiye nahodha wako. Kalafati, mbao na rangi unalipa wewe. Kamba ndogondogo na kufua maji ni juu yake. Tanga likichanika, mliafikiane mapema nani analipa, maana hapo ndipo urafiki mwingi unapovunjikia. Yasemeni hayo mbele ya viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) wa mwalo wenu, pale vyombo vinapotia nanga, na yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari.

Kodi simtozi. Wenzangu ofisini wananicheka, eti nimemnunulia mtu chombo. Mimi naona hivi: ukimtoza kodi ya siku, atatoka hata siku ambayo upepo unamwambia asitoke, kwa sababu kodi inamngoja. Bila kodi anakitunza, na mara kwa mara kitoweo kinafika nyumbani bila mimi kuomba. Na usimpe kazi hiyo binamu yako wa Shangani ambaye hajawahi kushika usukani, hata mama yako akisisitiza.

Ukishampata mtu, ndipo mtafute mahali pa chombo kulala. Hapo ratiba yako ya kazi inakutana na maji ya bahari, na bahari haitakusubiri. Kwenye pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa 4, asubuhi na usiku. Hilo ndilo bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, mpaka baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yanajaa kama saa 4 asubuhi na yanapwa alasiri, na tofauti ni ndogo. Hayo ni maji mafu.

Sasa angalia maana yake kwa mtu wa Jumamosi. Bamvua likiangukia Jumamosi, ukifika Mikindani saa 4 asubuhi na wageni wako utakikuta chombo kimelala ubavu kwenye matope, na maji yako mbali. Ama mtoke saa 12 asubuhi, ama mngoje mpaka saa 8 mchana. Maji mafu hayana shida hiyo. Unaondoka baada ya chai na unarudi utakapo. Mimi natumia kalenda ya Kiislamu ya ukutani: tarehe 1 na 15, na siku moja mbili baada yake, najua ni bamvua, kati ya tarehe 7 na 9, na tena 22 hadi 24, ni maji mafu. Matembezi ya familia nayapanga kwa hizo za pili. Bamvua nawaachia akina mama wa pweza, pamoja na wageni wanaotaka kutembea juu ya mwamba kwa miguu.

Kuhusu aina ya chombo nitakuwa mfupi, maana kila mtu ana mapenzi yake. Ngalawa ni nyepesi, inakimbia, na mbao zake za pembeni zinaizuia kupinduka ovyo. Lakini ni nyembamba na mtalowa, kwa hiyo haimfai bibi. Dau au mashua ndogo ya watu wanne au watano inatosha familia. Boti ya faiba yenye mashine ni nzuri kwa mwenye haraka na mwenye pesa ya petroli. Ukiichukua, jifunze kusafisha mashine kwa maji yasiyo na chumvi kila mnaporudi, uwe na plagi za akiba, na usiache kasia nyumbani. Lakini ndani ya ghuba, kwa mtu anayetaka kupunga upepo, sioni haja ya kununua kelele.

Kwenye kukagua chombo kilichotumika, hapo usiharakishe. Nenda na fundi ambaye hana udugu na muuzaji. Nenda maji yakiwa yamepwa, chombo kiwe kikavu, muone chini. Fundi wangu anaanza na kisu chenye ncha: anachoma taratibu pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, kisha kuzunguka vichwa vya misumari. Kisu kikizama bila kulazimishwa, ubao umekwisha. Michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye msumari maana yake msumari umeliwa, hata kama kichwa chake bado kipo. Ingiza mkono ngamani, chini ya mbao za kukanyagia, upapase mataruma, kwa sababu huko hapapakwi rangi na hakuna anayepaonyesha. Na kama rangi yenyewe ni ya juzi, uliza kwa nini. Safari moja tulipelekwa kuona mashua inayong'aa bluu na nyeupe, na fundi wangu akaizunguka kimya, akagongagonga, akaniambia muuzaji akisikia: "Mwalimu, hii misumari imeshachoka. Kinachoshika mbao hapa ni rangi." Tukaagana kwa heshima.

Kama kimepita hapo, ombeni kishushwe majini na kilale humo usiku kucha. Chombo kilichokaa juani kitavuja mwanzoni, si ajabu. Mbao zikivimba kinapaswa kutulia. Asubuhi kama bado mnafua ndoo kwa ndoo, rudini nyumbani. Kagueni pia foromali, ule mti unaobeba tanga, hasa pale miti miwili ilipoungwa kwa kamba, na dasi, yaani kamba zilizoshonewa pembeni mwa tanga. Ukitengeneza kipya, muulize fundi mbao zimetoka wapi. Mikoko inalindwa kisheria, na kukata bila kibali kutawaingiza wote wawili matatizoni.

Matunzo yenyewe ni ya kienyeji na bado sijaona yanayoyashinda kwa bei. Kwenye maji ya bamvua chombo kinaegemezwa, kinapitishiwa moto wa makuti chini ili uchafu na wadudu walioganda wafe, kinakwanguliwa, kinatiwa kalafati pale palipolegea, kisha chini kinapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Juu kinapakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa. Harufu ya sifa inakaa siku kadhaa, kwa hiyo usifanye kazi hiyo wiki ya Idd halafu ukaalika watu wenye kanzu mpya.

Pepo. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, ni joto na bahari ina upole zaidi. Kusi linaanza baada ya Aprili, na kuanzia Juni mpaka Agosti si la kuchezea. Kuna siku wavuvi wenyewe wanakaa barazani wakisuka kamba. Katikati, wakati wa maleleji, upepo haujui unakotoka, na mgeni ndiyo msimu wake wa kujifunzia. Asubuhi na mapema kuna umande kutoka nchi kavu, unakusukuma nje polepole, na mchana upepo wa bahari unakurudisha. Hiyo ndiyo safari ninayopendekeza kwa mwanzo.

Upepo ukiwa mkali, anzeni na upande mgumu. Wakati wa kusi, kutoka Mikindani kuelekea Msangamkuu ni kubisha, mnakwenda huku na huku na watoto wanalowa. Lakini mkichoka mnageuza, upepo unawarudisha. Anayeanza na upepo wa tezi, unaosukuma kutoka nyuma, anafurahi kwenda, halafu saa 9 alasiri anakumbuka kwamba nyumbani ni kwenye omo, kule upepo unakotoka. Ukifika mlango wa bandari ya Mtwara, kaa kando. Njia ya meli ni nyembamba na ina kona, na meli ya makaa ya mawe haiwezi kukukwepa hata nahodha wake akikuona. Kivuko cha Msangamkuu nacho kipishe.

Kwenda Msimbati na Mnazi Bay ni raha, ila huko ni hifadhi ya bahari tangu 2000: kuna kiingilio, na nanga haitupwi juu ya matumbawe. Kusini zaidi, kuelekea mdomo wa mto Ruvuma, usiende bila kuaga mamlaka. Tangu machafuko ya Cabo Delgado, ng'ambo ya Msumbiji, yaanze 2017 mpaka ule una doria, na "nilikuwa natembea tu" si jibu wanalolipenda.

Makaratasi: TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, ndio wasimamizi wa usalama wa vyombo, kwa hiyo chombo kikaguliwe na kiwe na cheti. Kwa kuwa nahodha wako anavua nacho, leseni ya uvuvi ni suala jingine, mlipeleke halmashauri.

Utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, usikilizwe kila mnapotoka. Wazee wa Lindi bado wanasimulia kimbunga cha 1952, na sisi tuliona Kenneth ilivyopita jirani Aprili 2019, watu wakahamishiwa mashuleni, kisha Hidaya Mei 2024. Tahadhari ikitolewa, tanga na foromali vinashushwa na kuingizwa ndani, chombo kinavutwa mpaka juu ya alama ya bamvua, mbali na minazi. Usimwachie mtu wako peke yake kazi hiyo. Kuvuta kunataka watu.

Na wageni wako. Jaketi okozi ni kwa kila mtu, anayejua kuogelea na asiyejua, na linavaliwa ufukweni, si likihitajika. Watoto wapate jaketi la kipimo cha mtoto. La mtu mzima linachomoka kichwani. Demani, ile kamba inayoshika pembe ya tanga, isifungwe fundo la kudumu hata kidogo, ishikwe mkononi au izungushwe mara moja, ili upepo ukija ghafla iachiwe tanga likapigapiga hewani. Kabla ya kutweka, nawaambia wote jambo moja: wakati wa kupitisha foromali mbele ya mlingoti, nahodha akisema kaeni, kila mtu anakaa palepale alipo, hata kama ni ndani ya maji ya ngamani na umevaa suruali nyeupe.